Namugongo kwa baiskeli kutoka Bukoba: tafuta wenzako kabla ya kutafuta njia

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bukoba, mwanamke wa miaka 34. Mama yangu aliugua sana, akapona, nami nikaweka nadhiri ya kwenda Namugongo, kwenye eneo takatifu la Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, kwa baiskeli, niwepo pale Juni 3, sikukuu yao. Baiskeli ya gia ninayo, na kila siku naendesha kilomita 9 kwenda kazini na kurudi. Tatizo langu ni wenzangu. Nimetangaza parokiani mara mbili, watu wote wanataka basi. Nimepata kijana mmoja mtandaoni, mwendeshaji wa mashindano, anasema tutafika kwa siku mbili. Wengine wananiambia niende peke yangu, Mungu atanilinda. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa kumuuguza mama, na tumshukuru Mungu kwa kupona kwake. Watu wengi huniuliza kwanza waende na baiskeli gani na wapite barabara gani. Wewe umeanza na watu, na ndipo pa kuanzia. Hija za baiskeli ninazozijua zilizovunjika katikati, nyingi zilivunjwa na wasafiri wasiopatana. Mnyororo uliokatika hupata fundi kila kituo. Watu waliokatikiana hawapati.

Huyo kijana wa siku mbili, mshukuru kisha mwache. Kutoka Bukoba hadi Namugongo ni kama kilomita 320: karibu 80 hadi Mutukula mpakani, kama 90 kutoka hapo hadi Masaka, 130 hivi kutoka Masaka hadi Kampala, na zilizobaki ni za kuvuka jiji. Kwa siku mbili ni kilomita 160 kila siku. Yeye anaziweza. Wewe ungezilazimisha siku ya kwanza, halafu siku ya pili goti lingekukatalia mbele ya Masaka, naye angebaki na mawili ya kuchagua, kukuacha au kukukasirikia. Hana kosa lolote. Anatafuta muda, nawe unatafuta kutimiza neno ulilomwambia Mungu, na nia hizo mbili hazisafiri pamoja.

Kwenda peke yako pia sikubali, na ningemwambia hivyo hivyo mwanamume. Barabara ya Masaka hadi Kampala ina malori mazito mchana na usiku. Ukianguka ukiwa peke yako, anayekuokota ndiye anayeamua upelekwe wapi, mzigo wako ubaki kwa nani na nani apigiwe simu. Mungu analinda kweli, na mara nyingi hulinda kwa mkono wa mtu anayeendesha mita kumi nyuma yako.

Idadi ninayoipendekeza ni wanne. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kutafuta msaada, hakuna anayehangaika peke yake. Parokia au nyumba ya masista inaweza kuwapokea wanne bila kuvuruga ratiba yake. Wakifika wanane linazaliwa kundi la mbele na kundi la nyuma, na kila jioni kunakuwa na kikao cha nani alimwacha nani. Kati ya hao wanne, angalau mmoja zaidi yako awe mwanamke. Hilo usililegeze hata ukibembelezwa. Ndilo litakalokupa usingizi wa amani, na mtu wa kumwambia siku zako zikiingia njiani.

Sasa, kuwapata. Tangazo baada ya Misa halifai kwa jambo kama hili. Kanisa zima linasikia, lakini aliye tayari huona haya kuinua mkono mbele ya watu wote, hasa kama nyumbani hajasema bado. Zungukia jumuiya ndogondogo, moja baada ya nyingine. Kaa mpaka sala iishe, kisha simulia habari ya mama yako na nadhiri yako kwa kinywa chako mwenyewe. Watu hawafuati safari, wanamfuata mtu mwenye sababu. Kisha nenda WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwa kuwa akina mama ndio wanaojua nani ana nadhiri ya miaka mingi ambayo hajaitimiza. Halafu VIWAWA, umoja wa vijana Wakatoliki. Na usiishie parokia yako; nenda hata Kashozi, walikoanzia wamisionari Wakatoliki mkoani Kagera mwaka 1892, uzungumze na makatekista. Katekista mmoja anayezunguka vigango kwa baiskeli anaweza kuwa na thamani kuliko matangazo kumi.

Kuna watu wengine ambao wasomi huwasahau. Simama barabarani alfajiri uwatazame wanaopandisha kilima na mikungu ya ndizi kwenye keria, na wauza samaki na maziwa. Watu hao miguu wanayo tayari, pancha wanaziba bila kuita fundi, na malori hawayaogopi kijinga wala hawayadharau. Wanachokosa ni pesa ya hati ya safari na ya siku ambazo hawatauza kitu. Ukipata mmoja mwenye nia ya kuhiji, zungumzeni kwa uwazi jinsi kundi litakavyombeba kwa gharama naye alibebe kundi kwa ufundi. Hiyo si sadaka, ni mapatano ya haki.

Tena usijifungie kwa Wakatoliki peke yao. Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wanaotambuliwa kwa majina ni 45: Wakatoliki 22, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964, na Waanglikana 23. Waanglikana wana eneo lao takatifu pale pale Namugongo, mahali paitwapo Nakiyanja, na Juni 3 wanasali huko. Dada Mwanglikana mwenye baiskeli na nia safi ni mwenzi halali kabisa, mradi mkubaliane mapema nani anasali wapi na mnakutana saa ngapi.

Utakaowapata mtandaoni, wadai barua ya utambulisho yenye muhuri wa paroko au mchungaji wao, na umpigie huyo kiongozi mwenyewe kuthibitisha. Mkutane mara ya kwanza mchana, mahali penye watu. Anayekasirika kwa kuombwa barua amekusaidia kuamua.

Ukishapata watu watano au sita wanaosema ndiyo, usimchague yeyote kwa maneno yake. Waalike safari ya majaribio: Jumamosi mwende Kyaka, kama kilomita 50, mlale huko, Jumapili baada ya Misa mrudi Bukoba. Mbebe mizigo ile ile mtakayokwenda nayo Uganda. Kisha tazama.

Tazama anayesubiri juu ya kilima anasubiri vipi. Kuna anayesubiri akiwa ameshaweka mguu kwenye pedeli. Ukifika tu, anaondoka. Yeye amepumzika, wewe hujapumzika, na baada ya vilima vitano utamchukia bila kujua kwa nini. Mwingine anakungoja ameketi, anakupa maji, anakuacha uvute pumzi mpaka useme twende. Tazama nani anasema mapema kwamba breki yake inakwaruza, na nani ananyamaza mpaka mmeanza kushuka mteremko. Tazama nani akishikwa na njaa anageuka mkali, na kama anajijua hivyo. Chai inapolipwa, tazama mikono. Jumapili asubuhi ndiyo saa ya ukweli, makalio yanapouma na miguu ni mizito: anayeamka akalaumu tandiko, kilima na wenzake, agana naye kwa heshima mkirudi Bukoba. Anayeamka anaumwa akasema leo twende taratibu, huyo mshike.

Nami ningekuomba ujitazame wewe pia kwa jicho hilo hilo. Mwenye nadhiri ana kishawishi chake. Anaweza kuwaburuta wengine kwa nguvu ya ahadi ambayo wao hawakuiweka.

Mkishakuwa wanne, ketini na daftari kabla hamjanunua hata tyubu moja. Andikeni kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa anayechoka mapema. Huyo anaendesha wa pili, nyuma ya kiongozi, na mwenye nguvu kuliko wote anakaa mkiani na pampu na spana, kwa sababu mwenye nguvu akiwa mbele hajui kilichotokea nyuma. Mnakwenda msururu mmoja siku zote, hata barabara ikiwa tupu. Mlimani kila mtu apande kwa pumzi zake, mkutane juu, na wa mwisho kufika apate mapumziko yake kamili. Chakula na malazi vitoke mfuko mmoja. Mmoja anaushika, mwingine anaandika. Pesa ya matibabu kila mtu awe na yake, isichanganywe. Hakuna kusikiliza rozari kwa vipokea sauti vya masikioni; masikio ni ya malori.

Na andikeni neno ambalo watu huliogopa: mmoja akishindwa kuendelea, itakuwaje? Ushauri wangu ni kwamba anapanda basi akiwa na mwenzake mmoja hadi kituo kinachofuata, wawili wanaendelea, na wote wanakutana mbele. Mkiliamua leo mkiwa na afya, halitakuwa ugomvi mtu akiwa na homa kando ya barabara.

Tarehe. Usipange kufika Juni 2. Siku hiyo barabara za kuelekea Namugongo zimejaa mahujaji, askari na mabasi, na baiskeli yenye mzigo haina pa kupita. Anzeni novena, sala ya siku tisa, Mei 25 nyumbani, ondokeni Mei 28 alfajiri, na novena iendelee njiani. Kwa hiyo mtaendesha mwishoni mwa masika, na kanda ya ziwa mvua hupenda kuja baada ya adhuhuri. Muwe barabarani saa 12 asubuhi na mtafute pa kulala saa 8 au 9 mchana. Mwezi Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliikata barabara kuu ya Masaka hadi Kampala, magari yakazungushwa mbali sana. Kwa hiyo mkiwa Masaka ulizeni hali ya njia mbele kabla hamjaondoka.

Anzieni Kanisa Kuu la Bukoba, kwenye kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Kutoka mjini kuna vilima vya kukuamsha, kisha njia inalegea kuelekea Kyaka. Pale kwenye daraja la mto Kagera simameni. Jeshi la Idi Amin lililipua daraja la Kyaka mwaka 1978, na wazee wa huku bado wanasimulia vita ile. Nawasihi muwasalie waliokufa, wa pande zote mbili, kabla hamjaingia nchi ya pili. Laleni upande wa Tanzania, mvuke asubuhi mkiwa na akili timamu, maana mpakani ndipo pa kubadili pesa na laini ya simu. Wewe Mtanzania utahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo inatambuliwa kuanzia siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiiache kwa wiki ya mwisho. Beba pia risiti ya baiskeli, na ruhusa ya mkuu wa shule iombe mapema, mwishoni mwa Mei ni kipindi cha mitihani.

Siku ya pili ni Mutukula, Kyotera, Masaka. Kanisa kuu la jimbo la Masaka liko Kitovu. Waandikieni miezi miwili kabla, kwa barua ya paroko wenu, muombe pa kulala. Mahujaji wa miguu hupita njia hii, kwa hiyo wenyeji wanajua shida za msafiri. Siku ya tatu ndiyo ndefu, karibu kilomita 95 hadi Mpigi, mkipita kinamasi cha Lukaya na kuvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe. Lukaya ni tambarare na inavutia kukimbia. Msikimbie. Malori yanakimbia pia hapo, na mawili yakipishana usigombee lami nayo, shuka kandokando ya barabara kabla hujapigiwa honi. Kila mmoja awe na kioo cha pembeni na kizibao kinachong'aa. Kuleni mapema na mara kwa mara: ndizi, viazi, karanga, na upande wa Uganda chapati yenye mayai inayouzwa kila kituo. Anayesubiri njaa ndipo ale amechelewa.

Siku ya nne ni fupi, Mpigi hadi Lubaga, upande wa magharibi wa Kampala, kwenye kanisa kuu la jimbo. Hapa natofautiana na wengi wanaopenda kufika na baiskeli hadi kwenye lango la Namugongo. Kuvuka Kampala kwa baiskeli yenye mzigo, kwa mtu asiyeijua, katikati ya teksi na bodaboda, ndiyo sehemu ya hatari kuliko kilomita zote zilizotangulia. Ombeni mapema mahali pa kuziacha baiskeli, kwa masista au kwa familia mnayoifahamu, mpumzike, na Juni 1 alfajiri mtembee kwa miguu hadi Namugongo. Mkiwa na nguvu, anzeni kutembea kutoka Munyonyo, kusini mwa jiji, ambako Mwanga aliwahukumu mashahidi wengi mwishoni mwa Mei 1886; usiku wa kuamkia hukumu hiyo Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwabatiza baadhi ya vijana wenzake, Kizito akiwa mmoja wao. Walitoka hapo wamefungwa wakapelekwa Namugongo kwa miguu, na Juni 3 wengi wao wakachomwa moto. Ukiitembea njia hiyo na wenzako watatu baada ya siku nne za kuendesha, utaelewa kwa nini nasisitiza uchague watu kwanza.

Lakini ulisema nadhiri yako ni ya baiskeli. Nenda kwa paroko wako sasa, kabla ya mipango yote, umweleze maneno uliyoyatamka kama ulivyoyatamka. Kwa sheria ya Kanisa nadhiri ni ahadi ya jambo jema lililo bora na linalowezekana (kanuni ya 1191), na paroko ana mamlaka ya kukuondolea nadhiri binafsi kwa sababu ya haki (kanuni ya 1196). Mwombe mlizungumze hilo la kumalizia kwa miguu, na pia itakuwaje ukiumia Kyotera. Mtu mwenye jibu la paroko moyoni haendeshi na goti lililovimba kwa kuogopa laana.

Mazoezi: kilomita 9 za kila siku ni msingi mzuri, ila hazitoshi. Kila Jumamosi ongeza kidogo, 20, 30, 40, mpaka ufike 70 bila kuumia, na wiki za mwisho uendeshe siku mbili mfululizo. Mwili hujifunza safari siku ya pili. Fundi akupandishie tandiko mpaka mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini. Magoti mengi yanayouma yanatokana na tandiko lililo chini mno. Mzigo wote ukae kwenye keria, mgongoni usibebe kitu. Bukta yenye sponji vaa ndani ya suruali, na kitenge kiwe juu ya mzigo, tayari kwa kanisani. Raba za breki mpya, tyubu mbili za akiba za saizi yako hasa, viraka, gundi, na spoki chache. Baiskeli za wanne zikiwa na tairi za saizi moja, mtabeba vifaa nusu.

Kurudi msikuache mpaka siku yenyewe. Baada ya Juni 3 maelfu ya watu wanataka basi kwa wakati mmoja. Kabla hamjaondoka Bukoba, zungumzeni na kampuni za mabasi ya Kampala kama wanachukua baiskeli, kwa nauli gani, na zinafungwa wapi, kisha mkate tiketi za Juni 5. Siku ya katikati ni ya kuzichukua baiskeli Lubaga na kuzifungua pedeli na usukani. Kama mpaka mwisho wa Januari hujapata hata wawili waliotoka salama kwenye safari ya Kyaka, nenda mwaka huo na basi la parokia, ukae Namugongo karibu na mahujaji wa miguu waliotoka jimbo lako, na uwaulize kwa majina nani ana baiskeli.